Kabula, Usilitafute Lile Jiwe

Bariadi, Jumamosi jioni

Mayu Kabula, binti yangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu unayelala naye chini ya bati moja. Ningeweza kukuita hapa kibarazani nikakwambia kwa mdomo, na nimejaribu mara tatu tangu asubuhi. Mara ya kwanza ulikuja, nikakuuliza kama umepata chai. Mara ya pili nikakuuliza tena kama umepata chai. Mara ya tatu ulinitazama kwa jicho ambalo nikaona nikitaja chai tena utanipeleka hospitali. Kwa hiyo naandika.

Naandika kwenye karatasi ya kaki ninayochorea suruali kabla ya kukata kitambaa, kwa sababu madaftari yote umeshayapakia. Ukigeuza nyuma utakuta namba za chaki ya bluu. Hicho ni kiuno cha mwalimu mkuu. Usimwonyeshe mtu, maana yule mzee anaamini kiuno chake hakijabadilika tangu Uhuru.

Habari za vidonge vya malaria, soksi, kuficha pesa na kutokulala dirisha wazi sitakuandikia. Mama yako amezihubiri tangu Jumatatu, na jana alianza upya kutoka mwanzo kwa faida ya waliochelewa. Mimi nina jambo moja tu, na jambo lenyewe mama yako ameniambia kwamba nisipolisema mimi leo, atalisema yeye kesho pale stendi, kwa sauti, mbele ya wauza mayai. Unamjua mama yako. Sauti yake ya kunong'ona inafika sokoni.

Basi. Kesho alfajiri tunapanda basi la Lamadi, na pale Lamadi utachukuliwa na lile lori la watalii lenye viti juu na jiko ubavuni, uende kuwapikia Wazungu ishirini kutoka hapa mpaka Zambia, Zimbabwe na Botswana, wakatazame tembo, viboko, watu wa huko na maisha yao, na yale maporomoko makubwa. Binti ya fundi cherehani. Nimejivuna mpaka nimepunguza suruali ya mtu inchi mbili zaidi ya alizotaka.

Sasa sikiliza. Yale maporomoko sijawahi kuyaona.

Nimeandika. Nimenyanyuka nikaenda kunywa maji, nimerudi, na bado imeandikwa. Sijayaona, Kabula. Na lile jiwe nililokwambia nimechonga jina lako, mkono wa kushoto, karibu na mti uliopinda, halipo. Jiwe huenda lipo, na miti iliyopinda haikosekani duniani, lakini jina lako halipo, kwa sababu mimi sikufika.

Ningenyamaza kama ungekuwa unakwenda kimyakimya. Uongo wangu ungezeeka nami tukazikwa pamoja. Lakini uliporudi kutoka Mwanza kwenye usaili ulitusimulia jinsi yule mama mwenye lori alivyokuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, na wewe ukamweleza habari ya baba yako fundi na jiwe lake, mpaka yule mama akavua miwani akajifuta macho. Nilifurahi sana siku ile. Juzi ukaniletea ile karatasi ya ratiba yao, ukanitafsiria siku baada ya siku, na ulipofika siku ya kumi na nane ukasoma: asubuhi, kulitafuta jiwe la Kabula. Wameliandika! Wamelipiga na chapa! Wazungu ishirini wamevuka bahari na mojawapo ya mambo wanayokuja kuyaona ni kitu nilichokibuni nikiwa nimekaa kwenye cherehani.

Usiku huo mama yako aliniuliza, "Ngasa, mtoto atashuka kwenye gari na watu ishirini nyuma yake, aanze kupekua mawe kama kuku. Utamwambia nini akirudi?"

Nikamwambia pengine watafika giza limeingia.

"Siku mbili wanalala hapohapo," akasema. "Giza gani la siku mbili?"

Ndiyo, mama yako anajua. Alijua tangu siku niliyorudi. Anasema mtu aliyetoka kwenye maajabu hasemi sana, na mimi nilisema mno.

Wewe ulikuwa na miaka sita, huwezi kukumbuka hali ilivyokuwa. Nchi ilikuwa haina zipu. Ilikuwa haina vitu vingi, sabuni tulikuwa tunaiona kwenye ndoto, lakini kila mtu hulilia chake na fundi hulilia zipu. Nilishona suruali nzuri, mishono imenyooka, na mbele nikaweka vifungo vya mti nilivyochonga mwenyewe, ambavyo mvua ikivilowesha vinavimba na mwenye suruali hatoki ndani yake mpaka jua liwake. Wengine walifunga kwa pini, wengine kwa katani. Bwana harusi mmoja wa Kiloleli alisimama kanisani ibada nzima mikono imeshikana mbele ya tumbo, padri akamsifu kwa unyenyekevu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua akiachia mikono kitatokea nini.

Kisha serikali ikasema ruksa. Mwenye uwezo wa kuleta bidhaa kutoka nje alete, hataulizwa sana. Mzee Saidi wa dukani, ambaye wakati huo alikuwa Saidi tu, kijana mwenye kofia nyeupe ya kudariziwa aliyoachiwa na baba yake, alikuja kwenye cherehani yangu akainama kama mtu anayeuza siri. "Fundi, kuna mji unaitwa Livingstone, huko Zambia mwisho kabisa. Zipu zinavushwa pale kutoka Zimbabwe, zinauzwa sokoni kama dagaa. Mimi najua biashara, wewe unajua zipu. Twende."

Nami nikakubali kabla hajamaliza, na si kwa ajili ya zipu peke yake. Nilipokuwa darasa la nne mwalimu wetu alituambia kwamba huko kusini kuna mto mkubwa unaofika mahali ukakosa ardhi, ukaanguka wote kwa pamoja. Fikiria watoto wa Bariadi tuliozoea kuchimba mchanga wa mto ili tupate ndoo moja, tunaambiwa kuna mahali maji yanamwagika usiku na mchana na hakuna mtu anayekimbia kukinga. Nilikaa na habari hiyo miaka ishirini.

Safari yenyewe nimekusimulia, na ile ya treni ni kweli. Ni kweli kwamba tulipita katikati ya pori nikaona nyati wengi mno, weusi, wanono, nikamuuliza mzee tuliyekaa naye hawa ni wa nani. Akasema wa serikali. Nikamwambia serikali hii ina mahari ya kuwaozesha vijana wote wa Bariadi na bado ikabakiwa na maksai. Yule mzee alihama kiti.

Tulifika Livingstone, tukapata zipu siku ya kwanza. Saidi alikuwa hakudanganya, zilikuwepo kwa mafungu, za shaba na za plastiki, za rangi ambazo sikuwa nazijua. Treni ya kurudi ilikuwa siku ya pili saa moja jioni. Maana yake tulikuwa na kutwa nzima ya kwenda kuyaona maporomoko, mwendo wa mguu tu kutoka mjini. Nilivaa shati jipya nililolishona makusudi kwa siku ile, mikono mirefu, kola ya kusimama. Na hapo, mayu, ndipo nilipoharibu.

Babu yako Masunga, unajua, alikuwa mtu wa ng'ombe. Alinilea na sheria moja iliyozidi zote: hufiki kwenye mji wa mtu, kwenye kaya yake, ukatazama zizi lake kabla hujamwamkia mwenye mji. Nilipokuwa na miaka tisa tulikwenda Kimali, nikachungulia zizi la watu nikaanza kuhesabu kwa kidole. Mwenye ng'ombe alinichapa. Baba alipofika akaelezwa, akamshukuru mwenye ng'ombe, kisha akanichapa upya. Kwani anayetazama mali ya mtu bila salamu ni mwizi au ana jicho baya, hakuna wa tatu.

Sasa tuko njiani na Saidi, tunasikia ngurumo, mbele yetu kuna kitu cheupe kimesimama juu ya miti kama moshi wa watu wanaochoma shamba. Mimi nikasimama.

"Nini tena?" akauliza Saidi.

"Mwenyeji wa hapa ni nani?"

"Mwenyeji wa wapi?"

"Wa haya maji. Tunakwendaje kuyatazama hatujamwamkia?"

Saidi alidhani jua limenipiga kichwani. Tulimkuta askari wa hifadhi, Saidi akamuuliza kwa Kiingereza chake cha dukani, askari akajibu ni mali ya serikali. Nikasema muulize serikali inalala nyumba ipi hapa nikaipigie hodi. Askari akacheka, akaonyesha kwa mkono njia inayoingia kushoto, akasema kuna kijiji, kuna mzee, wao walikuwepo kabla ya wote.

"Fundi," Saidi akaniambia, na alikuwa karibu kulia, "maji hayana mwenyewe! Mwenye maji ni Mwenyezi Mungu, na huyo nimeshamwamkia alfajiri kwa niaba yetu sote."

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nasalimia mara moja, nakuja."

Ile mara moja, Kabula, ndiyo ilikuwa siku nzima.

Nilirudi sokoni kwanza nikanunua jogoo, kwa sababu mkono mtupu haubishi hodi. Nilifika kwenye mji wa yule mzee saa nne asubuhi, jogoo kwapani, kola imesimama. Mzee hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani. Alinipokea mke wake, bibi mfupi mwenye macho ya kucheka. Huyo mzee aliwahi kufanya kazi ya reli na Watanzania, kwa hiyo bibi alikuwa na Kiswahili, ila kilikuwa Kiswahili cha kujengea reli. Alinitandikia mkeka, akaniambia, "Karibu. Keti. Pole pole. Lete nyundo."

Nilimwambia kwamba nyundo sina, nina jogoo. Akampokea kwa mikono miwili, akapiga goti, na dakika tano baadaye nikasikia jogoo anachinjwa. Sasa mtu akikuchinjia kuku unaondokaje? Hata kama kuku ni wako?

Nikakaa. Ngurumo ilikuwa inasikika pale mkekani, ardhi inatetemeka kidogo chini ya makalio yangu, na ule moshi mweupe ninauona juu ya paa la jikoni. Nilikuwa karibu kiasi hicho. Kila nikijaribu kunyanyuka bibi anasema, "Keti," na akiona nasita anaongeza, "Nyundo." Nikaona aibu, nikaletewa ugali na firigisi yangu, nikala. Ugali wao ni laini kuliko wetu, wanauita nsima, na wana mboga ya majani ya maboga na karanga ambayo ukifika huko ujifunze kuipika, hilo ndilo agizo pekee la jikoni utakalopata kutoka kwangu.

Nilipomaliza kula nikajipa moyo, nikasimama kabisa, na hapohapo ukelele ukatoka nyumba ya pili. Mke wa mtoto wao wa kiume alikuwa ameshikwa na uchungu. Wanawake wakaanza kukimbia, maji yakawekwa motoni, na katika mji mzima hakubaki mwanamume isipokuwa mimi. Bibi alipita mbio, akanionyesha mlango wa uani, akanionyesha mimi, akasema neno moja la Kiswahili ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa mahali pake: "Shika!"

Nikashika mlango. Nikawafukuza mbuzi na watoto waliotaka kuchungulia. Ngurumo inaendelea kule, mimi nimesimama langoni nimevaa shati la kwendea maporomoko.

Jua lilipoanza kurudi chini mtoto akalia. Wa kike. Bibi alitoka na kitoto kimefungwa kwenye kipande cha gunia la unga, kwa sababu na wao pia walikuwa kwenye miaka ya kukosa kila kitu, na alipoona ninalitazama lile gunia akainamisha macho. Hiyo sura niliijua. Mama yako alikuwa nayo siku uliyozaliwa wewe.

Wewe unajua mimi sitembei bila sindano chini ya kola. Nilivua shati, nikakata mgongo mzima, ambao ndio ulikuwa na kitambaa kikubwa, nikakaa mkekani nimevaa singlendi, nikamshonea yule mtoto gauni kwa mkono. Mishono midogo, pindo mara mbili. Na kwa kuwa nilikuwa na mfano wa zipu mfukoni, ile ya shaba ya inchi tano, nikamwekea zipu mgongoni, nikaifunika kwa utepe isimbane ngozi. Nadhani kusini yote ya Afrika hakukuwa na mtoto mwingine aliyeanza maisha yake na zipu. Wanawake waliipandisha na kuishusha mpaka mtoto akachukia.

Hapo ndipo mwenye mji akarudi kutoka msibani. Nikamwamkia vizuri, nimeshika mkono wa kulia kwa wa kushoto, nikamweleza kwamba nimetoka Bariadi, Tanzania, nimekuja kuomba ruhusa yake niyatazame maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko cha mkewe.

"Yale maji?" akasema. "Kwani alikuzuia nani?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, hata kwa padri.

Nikageuka, na nani anakuja njiani? Saidi. Amelowa kuanzia kichwani hadi viatuni, hana kofia. Nyani walikuwa wamemnyang'anya kule kule maporomokoni, wakapanda nayo mtini, mmoja akaivaa. Ndiyo, ile habari ya nyani ni ya kweli, na ndiyo pekee ambayo Bariadi nzima haikuiamini. Saidi alinitazama mimi na singlendi yangu, akatazama mtoto, akatazama zipu, akasema, "Fundi, treni." Tulikimbia. Na njiani, mpaka Mbeya, akawa ananihadithia: maji mapana namna hii, yanaanguka hivi, mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, upinde wa mvua unaukanyaga kwa miguu yako. Kila nilichokwambia wewe ni maneno ya Saidi.

Tulipofika nyumbani watu walijaa kwenye cherehani. Mtu wa kwanza akauliza, "Umeyaona?" Mdomo wangu ulisema ndiyo kabla mimi sijaulizwa. Ningesemaje? Kwamba nimevuka nchi mbili nzima, nikafika mlangoni, halafu nikakaa kutwa kwenye mkeka wa watu nisiowajua nikila kuku wangu mwenyewe? Wangenicheka mpaka leo. Kisha wewe ukapenya katikati ya miguu ya watu, umeng'oka meno mawili ya mbele, ukaniuliza, "Baba, huko ulinitaja?" Nikasema nimechonga jina lako kwenye jiwe.

Mwaka wa kwanza lilikuwa jiwe la ukubwa wa figa. Mwaka wa pili likawa la kusagia. Mwaka jana nilijisikia mwenyewe nikisema lina ukubwa wa ghala la pamba. Na kila nikisimulia pale dukani, Mzee Saidi anakohoa. Miaka yote hiyo hajawahi kunisaliti kwa neno moja, anakohoa tu. Wewe ulimwonea huruma ukawa unampelekea tangawizi. Kifua cha yule mzee ni kizima, mayu. Alikuwa anakohoa kwa ajili yangu.

Na zile zipu, usiniulize. Tuliziuza vizuri msimu mmoja. Msimu uliofuata, kupitia milango ileile iliyofunguliwa, yakaingia marobota ya mitumba, suruali zimeshonwa tayari, na kila moja imekuja na zipu yake kutoka Ulaya. Siku hizi kazi yangu ni kukata miguu ya suruali za Wazungu zitoshe miguu ya Wasukuma. Naicheka sasa. Wakati ule sikucheka, na wewe ulikuwa unakuja kukaa chini ya cherehani unaniambia, "Baba, nisimulie maporomoko." Nikawa nasimulia. Uongo ule ulinilisha na mimi pia, lazima niseme.

Wewe ndiye uliyeyabeba maneno yale mpaka yakawa safari. Ulijifunza Kiingereza kwa ajili yake, ukaenda Mwanza kujifunza kupika vyakula ambavyo mimi sivitamki. Nikikutazama napata furaha na ninapata hofu papo hapo. Naogopa kwamba kesho ukijua, njia yote ya kusini itakuchukiza. Hilo ndilo lililonifanya niulizie chai mara mbili.

Nilifikiri pia kuificha barua hii ndani ya debe lako la unga, uipate mkishavuka Tunduma, mimi nikiwa mbali. Mama yako aliliona wazo hilo usoni kwangu akasema, "Wala usithubutu." Amesema kweli. Ukiipata huko utamweleza yule mama wa lori ukiwa peke yako na aibu yangu mkononi. Ukiipata leo, utakuwa na njia nzima ya kumwambia utakavyopenda. Mwambie baba yako ni mwongo wa jiwe moja. Kama ni mtu mwenye akili atavua miwani tena, safari hii kwa kucheka. Na akikuambia ushuke, shuka, njoo nyumbani, nauli nitakuwa nayo, na mkosaji atakuwa mimi si wewe.

Sikuiti kwenye mafundisho, maana aliyeanguka kisimani hafundishi watu kutembea. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na nimeona kitu. Nilikuwa nadhani nilikosea kwa kwenda kusalimia. Kila siku nilimlaumu babu yako na zizi lake. Leo, nikiwaza wale Wazungu wako ishirini watakavyoingia kwenye miji ya watu kutazama maisha yao, naona Masunga hakukosea hata kidogo. Tembo watazame watakavyo. Sisi tunampigia madebe atoke shambani na wao wanalipa kumwona, usiwacheke, kila mtu na njaa yake. Lakini kwenye mlango wa mtu, mayu, wafundishe kuamkia kwanza. Mimi kosa langu halikuwa kukaa kwenye ule mkeka. Kosa langu lilikuwa kuuonea haya.

Limebaki moja, na hili hata Saidi halijui, kwa sababu alikuwa ametangulia njiani akinipigia kelele za treni.

Nilipokuwa naaga, yule bibi alinishika singlendi, akamwambia mumewe anitafsirie. Akauliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa kike, ana miaka sita. Akauliza jina. Nikasema Kabula. Akauliza maana yake, nikamwambia ni aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wale wanawake wote walicheka, wakanyoosha mikono kuonyesha ule moshi mweupe juu ya miti, na mzee akaniambia, "Hiyo ni mvua yetu, hainyamazi hata siku moja. Kila anayezaliwa hapa anazaliwa mvua ikinyesha." Kisha bibi akakigeukia kile kitoto chenye zipu, akakiita: "Kabula." Akarudia ili alipate vizuri. "Kabula."

Sijui kama walikuwa wanamfurahisha mgeni, wakabadilisha kesho yake. Inawezekana. Lakini siku ya kumi na nane, wageni wako wakiwa wanalowa, omba ruhusa saa moja. Nunua jogoo sokoni. Kabla ya kufika kwenye maporomoko kuna njia inaingia kushoto, hapo kushoto sikudanganya. Ulizia msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, mwite kwa jina lako, uone kama atageuka. Asipogeuka, waachie jogoo, uwasalimie, uende zako ukayatazame yale maji kwa macho mawili yako na mawili yangu.

Jua linazama, mama yako ananitazama kutoka jikoni na mwiko mkononi. Nakuja sasa hivi kukupa karatasi hii, na nitasimama hapo mbele yako mpaka uimalize, ili ukitaka kukasirika unikasirikie nikiwepo, na ukitaka kucheka tucheke wote. Nikikuuliza chai, usinijibu.

Jina lako sikulichonga kwenye jiwe, Kabula. Nilimwachia mtu.

Ni mimi baba yako, Ngasa fundi, ambaye hajayaona maporomoko.